Chini ya Beseni, Kule Kitulo

Asubuhi moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu. Ile niliyoamkia Kitulo chini ya beseni la bati, beseni la kuogea la mama wa Kizungu, limenifunika kama tenga juu ya vifaranga. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi, ukizigusa zinavunjika. Magoti yangu yalikuwa kidevuni. Na juu ya beseni, makalio yametulia, alikuwa amekaa mzee ambaye nilikuwa namposa binti yake.

Sasa ngoja nirudi nyuma, maana pale sikufika kwa siku moja.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Uhuru bado. Nilikuwa kijana wa Kihehe niliyetoka Ipogolo kutafuta maisha Mbeya, kichwani nina darasa la tatu na hamu ya kuoa. Nilimpenda Tupokigwe, binti wa Kinyakyusa, niliyemwona gulioni Isongole akiuza viazi. Kwao sikujulikana, na kijana hajipelekei posa mwenyewe. Nikatafuta mshenga. Hapa namwandika kwa jina wala sioni haya: Selemani Mpishi, mtu wa Mbeya mjini, babu zake watu wa pwani, mdomoni asali na mfukoni nge.

Selemani alipeleka jembe langu la posa kwa baba wa binti, Mzee Ambilikile, na jembe likapokelewa. Mimi huyo mzee sikuwahi kumwona. Ndivyo ilivyokuwa siku zile, mshenga ndiye macho yako. Na ukishampa mtu macho yako, umuombe Mungu asiyachezee.

Basi wakaja Wazungu wawili, bwana na mkewe, wako likizo. Likizo yenyewe ni kutembea kwa miguu. Leo kibanda hiki, kesho kibanda kile, vile vibanda vya watu wa idara ya misitu, kuanzia ziwa Ngozi, kupitia mlima Rungwe, mpaka juu Kitulo. Hawaendi msibani, hawaendi sokoni, hawafuati ng'ombe aliyepotea. Wanapanda, wanatazama, wanashuka, wanapanda tena. Selemani akaajiriwa kupika, naye akalipeleka jina langu, nikawa mnyapara wa wapagazi kumi na wawili. Nikapewa kofia na filimbi. Mwanangu, kijana usimpe filimbi.

Mzigo mbaya ulikuwa beseni. Halikuwa zito ila lilikuwa pana, na njia za msituni ni nyembamba. Mpagazi alilivaa kichwani limepinduliwa, linamshuka mpaka mabegani, unachoona ni miguu miwili na bati linalotembea. Aliyelibeba ni mzee aliyejiunga nasi Isongole, akaliomba mwenyewe. Jina sikumuuliza. Nilimwita Mzee Beseni.

"Mzee Beseni, unatembea kama mama mwenye mimba ya mapacha," nilimwambia siku ya kwanza, wapagazi wakacheka, nikaona nimepatia. Kucheka kwa watu ni pombe. Siku ya pili nikaongeza, siku ya tatu nikawa mlevi kabisa.

Kule Ngozi tulisimama juu ya ukingo, ziwa liko chini ndani ya mlima kama uji ndani ya chungu. Yule bwana akatueleza kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Mlima hii zamani nakula moto, natapika." Halafu akasema kwao kuna milima yenye barafu, na barafu yenyewe inatembea.

Sauti ikatoka ndani ya beseni. "Inatembea kwenda wapi?"

Swali zuri. Hata mimi nilitaka kujua. Lakini nilikuwa na filimbi, nikaipuliza karibu kabisa na lile bati. "Wewe kazi yako kubeba, si kuuliza. Barafu ikitembea itakupita."

Lile beseni lililia kama kengele ya misheni. Selemani alikuwa nyuma yangu na sufuria zake, akanitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Nilidhani amekosa pumzi kwa mlima.

Njia nzima kupitia Rungwe iliendelea hivyo, mpaka tukafika Kitulo jioni, upepo unakata masikio. Vibanda tulivyopita nyuma vilikuwa na jiko la pembeni, mimi nalala humo na Selemani, wapagazi wanalala kwao. Kitulo hakukuwa na jiko. Kulikuwa na kibanda cha Wazungu na kibanda kimoja cha watu wote waliobaki. Nikaingia na blanketi langu. Mzee Beseni akanyanyuka, akatoka, akasimama mlangoni kwenye baridi ile.

"Ingia ndani, mzee, utakufa."

"Siwezi," akasema polepole. "Mtu ambaye jembe lake la posa liko kwangu ni mkwe, hatulali chini ya paa moja."

Mwanangu, milima mirefu nimeipanda, lakini sijawahi kushuka haraka kama nilivyoshuka siku ile nikiwa nimesimama palepale. Mzee Ambilikile. Baba wa Tupokigwe. Alikuja kumtazama mkwe, ajue kama ni mtu, na alijificha ndani ya bati ili atazame vizuri. Wazee wetu walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi nilimpigia mkunga filimbi sikioni.

Nikamgeukia Selemani. "Ulijua?"

"Mimi mpishi," akasema. "Sikuulizwa."

Basi mmoja wetu ilibidi alale nje, na hakuwa mzee. Nikatoka, nikampisha. Hapo ndipo Selemani akanionea huruma, au ndivyo nilivyodhani. Alinilaza nyuma ya kibanda, upepo usikofika, akanifunika beseni kwa mikono yake mwenyewe. "Lala, kaka. Kesho nitakuombea msamaha kwa mzee."

Asubuhi nikasikia nyayo zinavunja nyasi. Nikasikia sauti ya Selemani, tamu kama halua: "Shikamoo, mzee. Chai hii hapa. Kaa pale juu ya beseni, jua linafika vizuri."

Beseni likashuka kidogo. Nikawa sina pa kutokea. Kijana unatokaje chini ya makalio ya mkwe wako? Utamwamkia kutokea wapi?

Mzee akanywa chai, akatoa sauti ya kuridhika, kisha akaanza kusema na mpagazi mmoja wa kwao. Kila neno lilipita kwenye bati likaniingia.

"Mdomo wake mchafu yule kijana."

"Mchafu sana, baba."

"Lakini jana alitoka yeye mwenyewe kwenye baridi. Hakubisha." Akanywa tena. "Mdomo unafundishika. Moyo ndio haufundishiki. Nimefikiri usiku kucha. Nitampa Tupokigwe."

Machozi yalinitoka. Pua ikafuata machozi. Nikaibana kwa vidole, nikaibana kwa magoti, nikamtaja Mungu kwa Kihehe na kwa Kiswahili, na chafya ikatoka na nguvu zote za usiku ule.

Mzee aliruka, chai ikamwagika. Beseni likainuliwa. Tukatazamana, mimi nimejikunja kama mtoto tumboni, yeye amesimama ameshika makalio yake. Kumbe nimelala chini yake, nimesikia siri yake, na nimempigia chafya mahali ambapo mkwe hatakiwi hata kupafikiria. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Alisema tu, "Jembe lako litarudi," akachukua beseni, akalivaa, akatangulia njia peke yake.

Na Selemani alikuwa ameinama, anapuliza moto. Mgongo wake ulikuwa unatikisika, na moto ulikuwa umeshawaka.

Jembe lilirudi kabla ya mavuno. Tupokigwe akaolewa Tukuyu. Mimi nikarudi Ipogolo na kikohozi ambacho ninacho mpaka leo.

Sasa nasaha yangu ni hii, mwanangu. Heshima usiiweke kama nguo ya Idi, ukingoja siku ya kwenda ukweni. Yule anayebeba mzigo mbele yako humjui ni nani, na hata akiwa si mtu wako, ana masikio. Ukipewa filimbi, ipulize mbali na watu. Na mshenga ukimchagua, muulize kila kitu kwa kinywa chako, hata vile unavyoona aibu kuuliza. Mungu akupe mkwe mpole, paa lisilovuja, na kifua kisichojua baridi.

Wewe Selemani najua uko Nyololo, una hoteli kando ya barabara kuu, unauza chai, wasafiri wanakusifu. Kunyamaza njiani nakusamehe, maana sikukuuliza. Lakini beseni ulinifunika wewe, na mzee ulimkalisha wewe. Sasa nakuuliza, tena mbele ya watu wote watakaosoma hapa: ulimkalisha kwa nini? Nijibu.