Divai Niliyoitema Imeingia Kwenye Ndoa ya Binti Yangu

Admin, nifiche jina kabisa, maana mji wetu Kindu ni mdogo na mdomo wake ni mkubwa. Nina miaka arobaini na nne, mjane, Mwislamu wa kuzaliwa, naishi komini ya Mikelenge. Kazi yangu ni kuchagua divai za restora moja hapa mjini. Najua wengine mmeshaguna. Guneni, lakini someni hadi mwisho, kwa sababu nimechoka, nina hasira, na harusi inakaribia.

Kazi hii sikuitafuta. Miaka ya vita nilikuwa msichana, baba alikuwa amekufa, na mji ulikuwa umefungwa: treni haiji, mashua hazipandi mto, na kabla ya kwenda shamba unaagana na watu wa nyumbani kana kwamba hutarudi. Chumvi tulinunua kwa kijiko. Restora hii iliendelea kupika kwa sababu marubani na watu wa misaada walikula hapo. Nikaingia kuosha vyombo. Wali uliobaki sufuriani nilifunga kwenye majani, nikampelekea mama na mdogo wangu wa kiume, ambaye hapa nitamwita Sefu. Walikula, wakamshukuru Mungu. Hakuna aliyeuliza wali huo ulipikwa karibu na chupa gani.

Pua yangu ilifunguka kwenye kuosha glasi. Divai ikirudi nusu, nainusa, najua kwa nini mgeni ameiacha: hii imepigwa jua, hii kizibo chake kinanuka gunia bichi. Patroni, mwenye restora, akaliona hilo, akawa ananiita kila katoni ikifika. Leo funguo za kave, chumba cha chini tunakolaza chupa, ninazo mimi. Nachagua za Afrika Kusini, za Chile, za Ureno, za Ufaransa. Msidhani ni starehe. Divai inatoka upande wa pili wa dunia, halafu inaachwa juani uwanja wa ndege wa hapa mpaka inaiva kama supu. Wafanyabiashara wa madini wanaotoka Kalima wanachomeka kidole gumba kwenye shimo la chini ya chupa. Kwao, shimo likiwa refu, basi divai ni nzuri. Kisha wanaichanganya na soda na barafu. Mimi niliyehangaika kuichagua ndiye naleta barafu.

Ila pua haimalizi kazi. Divai lazima iguse ulimi ndipo uijue. Nachukua kidogo, nazungusha mdomoni, natema kwenye ndoo, nasukutua kwa maji. Sijawahi kumeza hata tone. Kulewa sikujui kukoje.

Mwezi uliopita mchuuzi alikuja kutoka Goma na chupa za kuonja. Ilikuwa mchana, nikakaa naye mezani, ndoo iko pembeni. Kumbe meza ya nyuma alikuwepo binamu wa mchumba wa binti yangu, anakunywa soda yake. Akanirekodi kwa simu. Kwenye video aliyoisambaza naonekana vizuri nikiinua glasi na kujaza mdomo. Kipande ninapotema, amekikata.

Baba wa mchumba ni mtu wa msikiti, anaheshimiwa komini nzima ya Kasuku. Video ilipomfikia, alimtuma Sefu kwangu, kwa kuwa ndiye anayesimamia maneno ya ndoa upande wetu. Sefu alikuja, kiti akakikataa.

“Dada, mama ya bibi-arusi hawezi kuwa muntu ya divai. Mchuma janga hula na wa kwao. Sasa sisi wote tunakula yako.”

“Sefu, mwezi ya kufunga, muke yako haonje chumvi ya mboga? Anatia pa ulimi, anatema, na funga yake iko muzima. Mimi pia natemaka.”

“Chumvi iko halali, dada. Ile iko pombe. Usifananishe.”

Kusemwa hivyo na mtoto niliyemlisha kwa mkono wangu kuliniuma kuliko maneno yenyewe. Wakwe wanataka niache kazi kabla ya ndoa. Niache, niende wapi? Mama yetu hainuki kitandani, na dawa zake zinatoka kwenye chupa hizo hizo. Sefu analijua hilo. Hakulitaja.

Nilibaki na tumaini moja, binti yangu, nitamwita Zaina. Nilisema moyoni huyu atanitetea. Ijumaa alinikuta nachambua sombe, majani ya muhogo, akakaa, akachukua majani, tukachambua wote. Halafu akasema:

“Mama, mimi najua hauikunywe.”

“Basi waambie.”

“Hawatasikia. Mama, siku ya ndoa ungeenda kwanza Kalima, kwa shangazi. Tutasema uko mugonjwa. Muke ya Mjomba Sefu atakaa pa nafasi yako.”

“Njo wewe unasema ile, ao njo Sefu?”

“Njo mimi, Mama.” Ndiye yeye mwenyewe, si Sefu.

Aliendelea kuchambua majani. Nami nikaendelea, maana mikono haikujua kitu kingine cha kufanya. Tangu siku hiyo nampenda na namkasirikia kwa pamoja, wala sijui kipi kimeanza.

Ndugu zangu wa ukurasa huu, nipeni shauri. Nirudishe funguo, mama akose dawa? Nivae kitenge changu niende kukaa penye mkeka wa mama wa bibi harusi, hata kama wakwe watainuka waondoke? Au nipande gari niende Kalima, niugue kama nilivyopangiwa? Kwetu binti akipata mimba ya kwanza hurudi kujifungulia kwa mama yake. Siku hiyo nayo watasema mimi ni mgonjwa?