Farasi, Mwambie Mkwe Wangu

Watu wananiuliza nilijifunzia wapi kupanda farasi, mimi mtoto wa Mikindani, ambako hata punda ni wa kuhesabu. Nawajibu kwamba nilijifunza kwa kufokewa. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili alikuja mama mmoja wa Kizungu, akakarabati nyumba ya mawe iliyokuwa imeachiwa popo, akaifanya ya wageni, kisha akaleta farasi wawili kwa lori. Mji mzima ulikwenda kutazama. Bwana mifugo akasema mbung'o watawamaliza kabla ya mvua za kwanza. Mimi nilikuwa mlinzi wa getini, na kwa kuwa lori lilipofunguliwa sikukimbia, nikaonekana jasiri, nikakabidhiwa farasi. Wallahi, nisingebaki pale kama miguu isingekufa ganzi.

Mama yule Kiswahili alijifunzia Arusha, na mdomo alikuwa nao. "Mgongo wima! Visigino chini! Macho mbele! Unatafuta nini huko chini, umedondosha sindano?" Sasa jamani, mimi nifanyeje? Nimelelewa kwamba mama mtu mzima akikusemesha kwa ukali unainamisha macho. Kumkodolea ni utovu wa adabu. Basi kila alipopaza sauti, mimi nilitazama shingo ya farasi na kujibu, "Ndiyo, mama." Yule farasi, jike la kahawia, akihisi mabega yangu yameporomoka, anasimama. Mama anazidi kufoka, mimi nazidi kuinama, farasi anazidi kusimama. Asubuhi nzima inapita hatujafika kwenye mkorosho wa pili.

Akanishusha. "Wewe bado wa juu. Anza chini, kwa miguu." Wiki nyingi nikawa namtembeza farasi kwa kamba: nikae usawa wa bega lake, kamba ilegee, nikisimama asimame, nikirudi nyuma naye arudi. Hakuna kuvuta, hakuna fimbo. Mama alisema farasi humfuata mtu anayejua anakokwenda. Mimi nilikuwa namtazama farasi, yeye ananitazama mimi, tunazunguka ua hadi tunapata kizunguzungu.

Akili yangu haikuwa pale, ndiyo kweli yenyewe. Mwaka ule nilikuwa nimeoa binti wa kijiji kimoja bara, njia ya kuelekea Nanyamba. Kwao mume ndiye anayehamia kwa mke, akalime na kuokota korosho kwanza, watu wamwone. Mimi kazi yangu ilikuwa Mikindani, kwa hiyo nilikwenda kwa mke wangu kama mgeni, siku mbili, narudi. Nilitaka kumchukua tuishi naye Mikindani, basi, sikutaka makubwa. Mwenye kutangaza ruhusa ni mjomba wake, lakini mwenye kauli alikuwa mama mkwe. Mara mbili nilituma maombi, mara mbili jibu likaja: bado. Na mwenyewe sikuweza kumwomba, kwa sababu mkwe wa kike hatazamwi usoni wala hasemeshwi. Ukikutana naye njiani unaingia porini, unampisha. Ukiwa na neno unalipitisha kwa mtu mwingine.

Mara ya tatu mke wangu akanipa habari kwamba mjomba atanisikiliza Jumamosi. Nikaona safari hii niende na farasi, wajue mkwe wao ana kazi ya maana. Mama yule wa Kizungu akakubali, akasema safari ndefu itaninyoosha mgongo. Akanionya nivae raba zangu za kila siku. Nami nikajifanya mjuaji, nikavaa buti za mtumba zilizonizidi namba mbili, nikazijaza magazeti.

Nilikwenda vizuri ajabu. Hakuna wa kunifokea, kwa hiyo macho mbele, mgongo wima. Karibu na kijiji, njia inapopita katikati ya mashamba ya mihogo, nikamwona mwanamke anakuja, kapu la kisamvu kichwani. Mama mkwe! Macho yakashuka yenyewe, na farasi akasimama katikati ya njia.

Nikataka kuruka chini nikimbilie mihogoni. Buti ikakwama kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia. Navuta, haitoki. Nageukia upande wa pili, nayo imekwama! Mkwe amekaa juu, mama mkwe yuko chini na mzigo kichwani. Lahaula! Nilitamani ardhi ipasuke, ila ingenimeza na farasi wa watu.

Farasi akanyoosha shingo, akaanza kula kisamvu kutoka kapuni. Mama mkwe hakutikisika. Shingo imenyooka, macho mbele, kapu halijayumba. Kusema naye siwezi, na mtu wa kunisemea hayupo. Nikainama kwenye sikio la farasi, nikasema kwa sauti kubwa:

"Ewe farasi, mwambie mkwe wangu anisamehe. Sijakaa huku kwa kiburi. Miguu imenasa!"

Nikasikia mama mkwe naye anamjibu farasi: "Mwambie huyo mtu atulie, ataanguka avunjike shingo."

"Farasi, mwambie nataka kushuka! Nimeshindwa!"

"Mwambie nimesikia. Na wewe umeshiba, twende."

Akachukua hatamu, akageuka, akatangulia bila kutazama nyuma. Hatamu imelegea, yule farasi akamfuata hatua kwa hatua. Mama mkwe akisimama kuweka kapu sawa, farasi anasimama. Kazi niliyoitokea jasho wiki nyingi, yeye kaifanya siku moja na kapu kichwani! Mimi huku juu nalia. Silii kwa mzaha, nalia machozi, namwomba farasi aniombee radhi, hadi tunaingia kijijini.

Kijiji kilicheka hadi watu wakakaa chini. Mkwe kapanda, mama mkwe anamwongoza! Vijana wawili wakanivua buti, nikashuka kwa soksi zilizotoboka, nikakaa mbele ya mjomba nikijua nimekwisha. Nilihesabu mke sina. Mjomba akakohoa, akaniambia aibu hii hawajapata kuiona, nirudi Mikindani nikatulize akili.

Mama mkwe alikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni. Akamwita kaka yake kwa sauti ambayo wote tuliisikia.

"Kaka, usimfukuze. Unamkumbuka baba wa huyu binti, siku aliyonunua baiskeli? Nilikutana naye njia hiyohiyo, mihogo kichwani, mtoto mgongoni, na nimechoka. Akapiga kengele nimpishe. Nikapisha. Miaka yote aliyokaa nami hapa nilipisha, mpaka alipoondoka. Huyu leo kashindwa kushuka, lakini nimemsikia njia nzima analia kwa kutaka kushuka. Mpe mke wake."

Hakuna aliyecheka tena. Mke wangu akaingia ndani kufunga mizigo yake.