Mafuta kwenye Lenzi ya Arobaini

Jumanne, tarehe 25 Aprili 2023, ilikuwa Siku ya Malaria Duniani. Asubuhi ile, katika zahanati moja ya Marui, wilayani Kisarawe, Laurentia, mtaalamu wa maabara, alikuta tena vioo vya kuchungulia vya hadubini vimesogezwa karibu, kulingana na uso mwembamba wa Firdausi, mwenzake wa kazi. Akavitanua kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Hadubini hiyo aliizoea tangu ilipotolewa kwenye boksi. Firdausi alimkuta nayo, akafundishwa naye kupaka tone la damu kwenye slaidi. Kisha aliyepelekwa kozi Kibaha akawa Firdausi. Sasa jibu likiwa na utata, hata mganga mfawidhi alisema, "Ngoja Firdausi aangalie." Laurentia aliimeza kauli hiyo kama kwinini.

"Karibu, profesa wa Kibaha," alimwambia Firdausi alipoingia na chupa ya chai.

"Shikamoo, dada. Profesa ameijaribu hadubini tangu saa moja. Sasa anaomba andazi."

"Marahaba. Kwani huko hawakukufundisha kupika?"

Siku hiyo Bi Imakulata, msimamizi wa maabara, alifika kuchagua mmoja wao awe mkufunzi wa wasomaji wa slaidi huko Kibaha. Laurentia aliitaka mno nafasi hiyo. Ikienda kwa Firdausi, yeye angebaki kuwa mtu aliyemfundisha Firdausi, basi.

Laurentia alitangulia kusoma slaidi za majaribio. Alipandisha kikusanya mwanga hadi chini ya slaidi, akafungua kiwambo cha kupitishia mwanga, akadondosha mafuta, akazungusha lenzi ya mia, ile inayokuza mara mia. Lenzi hiyo huhitaji mafuta, kwa kuwa mwanga ukitoka kwenye kioo kuingia hewani hupinda na kupotea. Ya arobaini hutumika kavu; ikiguswa na mafuta huonyesha ukungu. Vimelea vilijitokeza, pete ndogo zenye nukta, akavitaja bila kusita. Kisha akamwona Imakulata akicheka na Firdausi. Kwa hasira akazungusha lenzi bila kuangalia, na ile ya arobaini ikapita katikati ya mafuta.

Msomaji yeyote mwenye haraka hufanya kosa hilo, na huifuta lenzi palepale. Karatasi ya kufutia ilikuwa karibu na mkono wake. Hakuigusa. Akainuka.

Firdausi aliketi, akaanza na lenzi ya arobaini. "Leo Marui ina ukungu," alisema, akachukua karatasi, akafuta.

Imakulata alikunja uso. "Nani ameacha mafuta humo?"

Laurentia aliinama kupanga slaidi.

"Itakuwa ni mimi, mama," alijibu Firdausi. "Niliijaribu asubuhi."

"Na asiyefuta lenzi atakwenda kumfundisha nani?"

Majibu yao ya slaidi yalilingana, yote sahihi. Nafasi akapewa Laurentia. Firdausi alimpongeza, akabaki na hadubini, na Laurentia akaondoka Marui akiionea wivu hata pongezi ile, ilivyomtoka mwenzake kwa wepesi.

Haijulikani kama Firdausi aliamini kweli kwamba kosa lilikuwa lake, au alimwona Laurentia akamfichia. Laurentia hajamwuliza.