Nilitaka Tuwapite Kenya, Dada Yangu Akakosa Pampu

Kosa ni langu, na wala simsingizii shetani. Shetani hakuja ofisini siku ile. Nilikuwepo mimi, kalamu yangu na kiburi changu.

Miaka hii ya ruksa, biashara huria kila kona, imenikuta karani wa takwimu katika ofisi moja ya kilimo hapa Dar. Siku moja wafadhili wakatuletea jedwali la kujaza: umeme unaotumika mashambani, na hewa chafu inayotoka kwenye mitambo inayofua umeme huo. Safu moja ya Tanzania, nyingine ya Kenya.

Ya Kenya ilikuwa imeshajazwa, namba imenona! Yetu nilipoipiga hesabu ikatoka kiduchu, maana mashamba yenye pampu za umeme yalikuwa ya kutafuta kwa tochi.

Jamani, niliona aibu! Nikajiambia watatucheka, watasema sisi bado tunamwagilia kwa kopo. Hewa chafu sikuiwaza kabisa. Kwangu namba kubwa ilikuwa maendeleo, kama ligi ya mpira. Nikaipandisha yetu mpaka ikawapita jirani, tena nikatabasamu.

Sasa sikieni uchungu wenyewe. Dada yangu mkubwa ndiye aliyenisomesha, kwa mchicha. Alikuwa na bustani Chamazi, yeye na akina mama wenzake, na maji walibeba kwa mzegamzega, mti begani na ndoo huku na huku, kutoka kisimani. Walikuwa wameomba pampu ya umeme kwa wafadhili haohao. Nilijua wameomba! Sikujua tu kwamba jibu lao litatoka kwenye karatasi yangu.

Kila Jumapili nikienda kumwona ilikuwa hivi:

"Shikamoo dada."

"Marahaba, bwana mkubwa! Pampu yetu vipi? Wenzangu nimewaambia wasiwe na wasi, mie nina mtu ofisini."

Barua ikaja. Mkuu wangu wa kazi akanisomea: mashamba ya Tanzania yana umeme mwingi na yanachafua hewa kuliko ya Kenya, kwa hiyo pampu zitapelekwa kwenye shida zaidi.

Akavua miwani. "Kijana, namba hizi una hakika nazo? Kama kuna kosa sema sasa hivi, tuwaandikie."

Mlango ulikuwa wazi, ndugu zangu! Lakini wakati huo watu walikuwa wanapunguzwa kazini, nami nikaogopa.

"Hakuna kosa, mzee."

Kiangazi hichohicho dada aliteleza akipanda kutoka kisimani, mzegamzega begani. Nyonga ikavunjika. Leo anatembea kwa fimbo, bustani imeota majani, na mchicha ananunua gengeni. Dada yangu mimi, anunue mchicha!

Nilipokwenda kumjulia hali alinishika mkono. "Usijitese, mdogo wangu. Najua ulitupigania. Hao wafadhili ndio wana roho mbaya."

Nikanywa chai yake, nikaaga. Najichukia kwa chai ile kuliko hata kwa ile namba.

Nyie mnaoshika kalamu maofisini, mkikuta kiduchu andikeni kiduchu. Mficha uchi hazai! Msione haya kwa niaba ya watu wenye kiu, maana haya ni yenu na kiu ni yao.

Kwenye karatasi Kenya tuliwapita. Jumapili hii nitakwenda tena Chamazi, nitamwamkia dada, naye atanishukuru mbele ya wenzake.