Kati ya Mlango wa Ghala na Mlango wa Mhasibu

Kifua changu kikipiga mluzi usiku, nawataja: mkuu wa ghala, mhasibu, na fundi wa kompyuta. Majina nayaacha. Wakisoma watajijua.

Ghala letu la mahindi hapa Songea lilikuwa na mlango wa magari, na mmoja wa watu, wa kufuli. Huo wa watu fundi akaugeuza miwili ya kufunguliwa kwa kidole, katikati chumba kidogo kama choo. Wa ndani unatii vidole alivyosajili mkuu wa ghala. Wa nje, wa kuingia ofisini, vya mhasibu.

"Kila mmoja ana eneo lake la usalama," fundi akatueleza sisi wabeba magunia. "Ndani ya eneo, bosi mmoja, sheria moja. Ukiaminiwa huku, kule bado mgeni, mpaka mabosi wapatane."

Wapatane! Watu wasiopeana mkono hata padri akisema tutakiane amani.

Siku ya kuua dumuzi, wale wadudu wa mahindi, tulitawanya vidonge vya sumu, wenzangu wakatokea mlango wa magari. Mimi nikaambiwa nipitishe mizani ofisini. Mkuu akanifungulia kwa kidole chake, nikaingia kile chumba, mlango ukajifunga nyuma yangu. Wa mbele ukagoma.

"Mhasibu, nifungulie!"

Akachungulia kwenye kioo cha mlango. "Wewe si mtu wangu. Akudhamini aliyekuingiza."

Nikapiga wa nyuma. "Bosi, nitoe!"

"Ghala limeshatiwa dawa, halifunguliwi. Ndiyo sheria ya kwangu. Huko uliko ni kwa mhasibu."

Harufu ya ile sumu, kama kitunguu saumu kilichooza, ikaanza kupenya chini ya mlango. Fundi akapigiwa simu, akafurahi: "Safi! Mfumo unafanya kazi!"

Mama wa chai, Mhehe, mtani wetu sisi Wangoni, wa kutaniana hata msibani, ndiye aliyesikia nikikohoa. Akaangua kilio cha msiba mlangoni. "Mngoni wangu amekufa chooni! Nani atanipa shuka lake?"

"Mama, hili ni eneo langu," mhasibu akamwambia.

"Msiba wa mtani hauna eneo, baba. Sogea!"

Akashusha mchi wa kutwangia. Kioo, kitasa, vyote chini. Akanivuta kwa ukosi, huku akinitukana kwamba nimemharibia pilau ya matanga.

Nimelala barazani natapika, mhasibu akaniinamia. Nikadhani anataka kunipa pole.

"Sasa wewe," akauliza, "umeingia kwangu kwa ruhusa ya nani?"