Amade, ulicheka ukurasa gani?

Mkono unakataa. Tangu Ijumaa naandika, nafuta. Neno "marehemu" halitaki kukaa mbele ya jina la Amade.

Amade wa kantini, mnamjua. Yule mrefu aliyekuwa akimenya viazi kwenye kambi ya gesi Afungi, akirudi hapa Palma mapumziko ananuka vitunguu na ana kitabu kiunoni. Malaria ilimpanda kichwani. Inna lillahi.

Wengi mnanijua kwa pikipiki na kwa mdomo. Sasa jueni na hili: mimi ndiye msomaji namba mbili Palma nzima, anayebisha aje kijiweni. Namba moja tumemzika Ijumaa. Nimepanda cheo, na sikitaki.

Shule niliishia sétima, darasa la saba, na Kireno changu ni cha kuombea msamaha kwa polisi wa barabarani tu. Kusoma nimefundishwa na mazimwi. Amade alikuwa anaagiza riwaya kutoka Mtwara, za majini, za maiti, za dunia ambazo bado hazijafika. Kitabu kimoja, watu wawili.

Basi tunakipasua. Kwa kisu, katikati. Mimi nabaki na mwanzo, yeye anaondoka na mwisho kambini. Turno yake ya kazi ikiisha, tunabadilishana.

"We nawe, mtu gani anaanzia mwisho?"

"Nataka nijue nani anakufa, Suma. Nikija kusoma mwanzo, nimhurumie mapema."

Epá! Ndiye huyo rafiki yangu.

Tulisoma kile cha mji unaofufua wafu na kuwafanya walinzi wa usiku. Mimi nilisema kinashinda vyote tulivyosoma, hasa yule mjane anayempelekea mlinzi chai, na mlinzi ni mumewe, na hamjui tena. Nililia pale pale kijiweni nikasingizia vumbi. Amade akasema hapana, mwandishi kaogopa. Angemwacha yule maiti aonje chai na kusema sukari haitoshi. Hilo tu. Nilimtukana siku nzima, maana alisema kweli.

Cha dunia isiyo na bahari sikukipenda. Watu wanaishi juu ya chumvi tupu, halafu hamna hata mmoja anayelalamika midomo imempasuka! Mwandishi yule hajawahi kushikwa na kiu. Amade alikitetea kwa sauti mpaka abiria wangu akapanda pikipiki ya jirani.

Na kile cha jini anayeishi ndani ya simu! Wiki nzima nilimtumia ujumbe wa sauti kambini: jini atashindwa na yule dada, hapana, atashindwa na fundi. Naye ananijibu, "Endelea, kaka, una akili sana wewe." Tunakuja kubadilishana, nafungua ukurasa wa mwisho: kumbe ilikuwa ndoto. Alijua siku zote! Alicheka mpaka akakaa chini barabarani.

Kuna mama alituuliza, nyie mliokimbia vita mkalala msituni, vitabu vya kutisha mnasomea nini? Amade akamjibu, "Zimwi la kitabuni, mama, lazima liseme linataka nini."

Kitabu chetu cha mwisho kina mji ambao mtu akivuka mpaka, waliobaki wanasahau sura yake. Mwanamke mmoja anachora nyuso ukutani kwa mkaa kabla watu hawajaondoka. Kipande changu nilikimaliza nikawa namngoja Amade arudi tubadilishane. Alirudi na homa.

Jumapili baada ya kisomo mama yake akaniita uani.

"Suma, baba, chukua karatasi zenu."

Akanipa kile kipande cha mwisho. Akasema, "Na homa yake ile alikuwa anasoma huku anacheka peke yake. Nikamwambia lala, mwanangu. Akasema, 'Ngoja, mama. Ngoja Suma afike hapa.'"

"Hapa wapi, mama?"

"Herufi zenu hizo mimi sizijui, baba. Alinionyesha kwa kidole. Nikasema haya, nikampa maji."

Jamani, nimekisoma. Polepole, midomo inacheza, vile vile alivyokuwa ananitania. Hamna cha kuchekesha humo. Mkaa unaisha. Yule mwanamke naye anaondoka, na hakuna wa kumchora. Hakuna ukurasa uliokunjwa, hakuna alama ya kalamu. Nikarudia tena. Nimetafuta kosa la mwandishi. Nimetafuta mtu mjinga anayefanana na mimi. Sijaona.

Mkiniuliza kitabu chenyewe kikoje, nitasema kizuri. Au sijui. Mimi nilizoea kujua nikishabishiwa.

Jana abiria kaniuliza nasoma nini. Nikazima pikipiki nikamweleza yote, mji, mkaa, nyuso ukutani. Akasema, "Kizuri hicho," kisha akauliza nauli. Hakubisha hata kidogo. Nikamchukia bure, maskini ya Mungu.

Amade, nimefika. Nimefika mpaka kwenye jalada la nyuma, na mahali pako nimepapita bila kupajua. Pengine ni pale yule mwanamke wa mkaa anapoanguka kwenye ngazi? Pengine ulijua nitasema nini, ukakicheka kabla sijakisema. Sasa hata mimi sijui ningesema nini.

Nilikuwa tayari kuchekwa, ndugu yangu. Nilikuwa nakungoja barabarani.

Mungu akurehemu, akupanulie kaburi. Lala, mwenzangu, lala na kicheko chako. Mimi bado nakitafuta.