Mayai ya Wamama wa Bahati

Niliondoka kwetu Bahati na mayai mapajani kwa sababu wamama wa kanisa letu hawaamini maneno matupu. Kila tukipanga matembezi ya Desemba, mmoja hutumwa mbele akaonje mahali. Safari hii mahali palikuwa Sirwet, kituo kidogo kaskazini, mbele ya Marigat. Huko Jepkemei, niliyelala naye bweni moja shuleni, alijenga vibanda vya wageni kando ya chemchemi ya maji moto. Watu wa kwetu wakienda kwenye maji moto hubeba mayai, wakayatia kwenye neti ya vitunguu na kuyashusha kwa kamba hadi yaive. Basi kila mama alitoa yai moja la kuku wake, akaliandika jina kwa penseli, ili nimrudishie likiwa limeiva. Yai la Cucu Wangari, nyanya yetu sote kanisani, ndilo lililokuwa dogo kuliko yote. Cucu hakujali sana mambo ya mayai. Alichotaka ni kuloweka magoti yake yanayomuuma.

Jepkemei naye alikuwa ameniambia kwa simu bila kuzungukazunguka: "Njoki, mkikosa kuja Desemba, mimi nafunga. Sina wageni wengine."

Mogotio matatu ilisimama penye alama ya ikweta. Watu wa Nairobi walikuwa wakipiga picha, mguu mmoja huku na mwingine kule, wakicheka kana kwamba wamevuka bahari. Mimi nilibaki ndani ya gari na mayai yangu, nikiwaonea wivu kidogo. Alama yao ilikuwa palepale walipoambiwa iko; chemchemi yangu nilikuwa bado sijaiona.

Marigat joto lilinipokea kwa kofi. Nilichukua bodaboda, tukaingia njia ya vumbi katikati ya vichaka vya miiba vya mathenge.

"Mathe, Sirwet unaenda kuona nini?" dereva aliuliza.

"Chemchemi."

Aliongeza mwendo. "Haya. Ni sawa."

Sikuipenda ile sawa yake. Nilimwambia aangalie mashimo, nimebeba mayai.

Nilipofika Sirwet nilimkuta Jepkemei amesimama langoni na gauni lake la kanisani, mchana wa siku ya kazi. Kibao cha kukaribisha wageni kilikuwa kimepakwa rangi upya. Alinikumbatia mpaka nikahofia mayai. Kisha akanishika mkono tukateremka kwenye kijia kilichofagiwa vizuri, kina mawe meupe ya chokaa pande zote mbili. Tulitembea hadi kijia kikaingia ziwani. Sikukosea kuona. Mawe yale meupe yaliendelea chini ya maji, mawili mawili, mpaka yakapotelea kwenye tope.

"Iko pale," alisema, akinionyesha mbali kidogo, mahali ambapo maji yalikuwa yakitoa mapovu machache. Karibu na hapo palikuwa na gogo. Gogo likapiga mkia, likazama.

"Jepkemei, hukuniambia."

"Ziwa lilipanda. Lakini litashuka."

"Lini?"

"Usiniulize kama polisi, Njoki. Litashuka."

Nilitaka kumkasirikia na hasira haikuja. Nilihisi huzuni tu, nzito, ya kumwona mtu amefagia njia isiyokwenda popote. Vibanda viwili vya mbele vilikuwa vimeingia maji hadi madirishani. Vya nyuma vilikuwa vimetandikwa mashuka safi.

Alasiri aliniomba mayai. Akayageuza mkononi moja moja akisoma majina.

"Wangari ni nani?"

"Cucu wetu. Anataka kuloweka magoti."

Alikwenda nayo nyuma ya jikoni, na baada ya muda nikasikia harufu ya makaa. Aliporudi, mayai yalikuwa ndani ya neti ya vitunguu, yakidondosha maji, na neti imefungwa kamba ndefu.

"Haya. Ya chemchemi," alisema.

Nilimtazama. Akatazama chini.

"Wamama wako watajua tofauti? Wafike tu, Njoki. Nitawapikia, nitawaimbia. Mtu akishafika hawezi kugeuza basi siku hiyohiyo."

Asubuhi nilipoondoka alikuwa ameinama kwenye kijia, anafagia akielekea majini.

Jumapili Bahati, baada ya ibada, wamama waliyamenya mayai yao nje ya kanisa, chumvi ikizunguka kwenye kipande cha gazeti. Majina ya penseli yakaanguka nyasini pamoja na maganda.

"Aki hii ni tamu!" alisema Cucu Wangari kabla ya wengine wote. "Hata naskia ile harufu ya huko."

Wakakubaliana hapohapo tukodishe basi. Ningeweza kunyamaza. Wangefurahi wiki nzima, na Jepkemei angepata Desemba yake. Lakini Cucu alikuwa anasugua magoti yake kwa mkono usioshika yai, akitabasamu, na hilo lilinishinda.

"Yamechemshiwa jikoni," nilisema. "Chemchemi imemezwa na ziwa."

Cucu aliweka nusu ya yai lake juu ya gazeti, akaifunika kwa pembe yake. Hakuna aliyenilaumu, na hakuna aliyemaliza kula. Tukachagua mahali pa karibu, penye bustani na bembea za watoto. Nilitumwa nikaonje mahali, nikaonja. Nilichojifunza ni kwamba kusema kweli hakuniachii moyo mweupe. Nilisema kweli, na bado najiona nimemsukuma mtu majini.

Jioni nilimpigia Jepkemei.

"Walionja?" aliuliza kabla sijasalimu.

"Walionja. Niliwaambia yalichemshwa wapi. Hawaji."

Nilisikia ndege wa ziwani.

"Na yule cucu wa magoti, alisema yai lake ni tamu?"

"Yeye ndiye aliyetangulia kusema."

"Basi ni sawa," alisema Jepkemei, akakata simu.